Tairi Limegoma Kutoka Kwenye Ringi

Kulitoa tairi la nyuma la baiskeli yangu kulinigharimu pesa nyingi kuliko tairi jipya nililotaka kuvalisha badala yake. Natanguliza hilo kwa sababu najua wapo watakaosema, tairi la baiskeli nalo ni la kuandikia? Pancha si buku tu pale kwa fundi chini ya mwembe? Nami nilidhani hivyo. Kisha ukaja mwezi ambao nilivunja vipande vya plastiki vya kutolea tairi, nikaiongezea tyubu tundu jipya, nikapanda bajaji kutoka Goba hadi Vingunguti gurudumu limelala mapajani, na mwisho wa yote nikabaki na ringi yenye kovu ninaloliona kila nikiosha baiskeli.

Baiskeli yenyewe ni maunteni ya mtumba, magurudumu ya inchi 29, breki za diski, niliyoinunua Kariakoo. Ilikuja na kontena kutoka Ulaya, na huko ilikotoka tairi zake zilifungwa kwa mtindo wa tyublesi: ndani hakuna tyubu, kuna maji mazito meupe yenye utomvu wa mpira ambayo huziba tundu yenyewe mwiba ukichoma. Kwenye baiskeli za milimani mtindo huu ulishika kasi baada ya kampuni ya Mavic ya Ufaransa kuleta mfumo wake wa UST mwaka 1999, na kwa njia zetu zenye miiba ni mtindo mzuri. Shida ni kwamba maji yale hukauka, na kwa joto la Dar hukauka upesi. Yangu yalikauka zamani, huenda hata kabla ya kontena kufika bandarini. Basi muuzaji akafanya ambalo wengi wangefanya: akafungua upande mmoja wa tairi, akapachika tyubu, akajaza upepo, akafuta vumbi mpaka baiskeli ikang'aa. Mimi sikuuliza, naye hakusema.

Siku lilipogoma tulikuwa Pugu, ndani ya msitu wa hifadhi unaoelekea Kisarawe, tumeshapita upande wa machimbo ya zamani ya kaolini, kwenye yale mapango ya popo. Mwiba ukaingia tairi la nyuma. Tyubu ya akiba ninayo, pampu ninayo, vipande viwili vya kutolea tairi ninavyo. Nilijiandaa kwa kila jambo isipokuwa tairi kukataa kutoka. Ukingo wake ulikuwa umeng'ang'ania ukuta wa ringi, hausogei hata upana wa kucha. Wenzangu wakashuka kwenye baiskeli, kila mmoja akajaribu vidole vyake, kila mmoja akatoa nadharia yake. Kaka mmoja mwenye mikono mikubwa alishika, akakaza, akaachia, akatazama vidole gumba vyake na kusema, "Dada, hili limegandishwa." Alikuwa amepatia kwa nusu, ila hatukujua.

Nikaisukuma baiskeli mpaka barabara ya lami, nikapakiza kwenye kirikuu kilichokuwa kinarudi mjini kitupu. Dereva alinitoza kama mzigo wa viazi. Aibu niliyoisikia siku ile sikuitegemea. Unavaa helmeti, unavaa glavu, unajiona mtu wa milimani, halafu unarudi mjini umekaa juu ya gunia kwa sababu ya pancha moja.

Nyumbani niliongeza nguvu. Nilichomeka kipande cha plastiki, nikavuta, kikalia, kikakatika. Nikanunua vingine, vinene zaidi, navyo vikaenda njia ileile. Sasa naelewa kuwa kipande cha plastiki kikivunjika kinakupa habari. Vile vimetengenezwa viwe dhaifu kuliko ringi kusudi, ili kitakachokufa kiwe kitu cha shilingi elfu chache. Kikikatika, ujue kuna jambo hujalifanya kabla ya kukishika. Mimi nilielewa kinyume, kwamba nahitaji kitu kigumu zaidi. Nikaingia jikoni nikachukua vijiko vya chuma, kwa kuwa tangu utotoni niliona watoto wa mtaa wakitolea tairi kwa mikia ya vijiko. Kijiko kimoja kiliingia, kikapinda, kikabana tyubu katikati. Hapo tyubu iliyokuwa na tundu moja la mwiba ikapata jipya upande wa ndani.

Hilo la upande wa tundu nilishike hapohapo, maana limenisaidia sana baadaye. Ukitoa tyubu, iangalie kabla ya kubandika kiraka. Tundu likiwa upande wa nje, unaogusana na tairi, mtafute mwiba, kipande cha chupa au waya, na umtoe kwenye tairi kabla hujafunga tena. Tundu likiwa upande wa ndani, unaolalia ringi, basi ni chuma ulichotumia, au ni vichwa vya spoki vinavyochoma kwa kuwa utepe wa ringi unaovifunika umesogea. Mafundi wengi hubandika tu. Ukiona pancha inarudi palepale kila wiki, chunguza ringi kwanza.

Kesho yake nikaenda kwa fundi wetu wa mtaani. Kazi yake naijua, na kwa baiskeli za Phoenix hana mpinzani pale kwetu.

"Dada, hili limeshikwa na nini?"

"Sijui fundi, nimehangaika nalo tangu juzi."

"Kaa hapo kwenye benchi. Dakika tano."

Dakika tano zikafika adhana ya alasiri. Alianza na spana ya zamani aliyoisaga ncha ikawa bapa, akaja na bisibisi ndefu, akaongeza bisibisi ya pili, akamwita kijana wake amshikilie gurudumu. Walipovuta pamoja nikasikia mlio ambao mwenye baiskeli hapendi kuusikia. Tairi lilikuwa palepale. Kilichosogea ni mdomo wa ringi, umefunguka kwa nje kama sentimita tatu za urefu, na alama ya bisibisi imechimba aluminiamu. Fundi akapitisha kidole, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Hii ringi laini, dada. Si chuma hii."

Nilimlipa. Nilikasirika, lakini nilimlipa, na baada ya kuelewa mambo hasira zenyewe zilipungua. Baiskeli anazozifungua kila siku zina ringi za chuma na tairi za inchi 28 kwa 1½, ambazo ukishatoa upepo unazivua kwa mikono mitupu. Tairi la tyublesi limebanwa makusudi. Linatakiwa lizuie upepo bila tyubu, likae mahali pake hata likiendeshwa na upepo mdogo kwenye mawe, kwa hiyo ukingo wake hukaa kwenye kiti chembamba ndani ya ringi, na kwenye ringi nyingi pembeni ya kiti hicho kuna tuta dogo linaloufungia usirudi katikati. Mtu asiyejua kuwa tuta lipo atavuta juu mpaka kesho.

Aliyenitoa kwenye shimo ni shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, anayefanya kazi kwenye gereji ya tairi za malori Vingunguti. Sikumfikiria mapema kwa sababu niliona kazi yake ni ya magari makubwa. Mdogo wangu ndiye aliyenisema kwenye simu: "Dada, wewe unahangaika na vijiko wakati shemeji yako kutwa anang'oa tairi za Scania?"

Nilifika pale nimelipakata gurudumu, vijana wa gereji wakacheka. Shemeji akanipokea kwa utani wake, "Shem, umetuletea mtoto wa tairi," akaliweka juu ya meza ya kazi. Hakugusa chuma chochote. Aliuliza maswali mawili.

"Upepo wote umetoka?"

"Umetoka, shemeji."

"Umeshalibandua?"

Nikamwambia nimejaribu kulitoa kwa kila njia. Akatikisa kichwa. Kubandua na kutoa, akasema, ni kazi mbili. Kwenye lori hakuna anayeshika chuma cha kutolea kabla tairi halijabanduliwa kwenye kiti chake pande zote mbili, mzunguko mzima. Ukianza kutoa kabla ya kubandua unapigana na chuma cha ringi. Nilipomwonyesha mdomo uliopinda akasema tu, "Ndiyo hivi sasa."

Alianza na upepo ambao mimi niliapa kuwa umeisha. Valvu ya baiskeli yangu ni ile nyembamba, yenye kichwa kidogo cha kufungua kwa vidole. Akaifungua mpaka mwisho, akabonyeza huku akikandamiza tairi kwa kiwiko, na upepo ukatoka, si mwingi lakini ulikuwepo. Tyubu yenye kitundu cha mwiba hubaki na upepo kidogo unaousukuma ukingo nje kimyakimya. Kama valvu yako inafunguka moyo wake, utoe kabisa.

Diski ya breki tukaifungua kabla ya kuendelea, skrubu sita za kichwa cha nyota, ufunguo wa T25. Wengine watasema si lazima. Mimi nasema fungua. Diski ni bati jembamba, ikigandamizwa itapinda na breki itaanza kusugua kila mzunguko. Ikishikwa na mikono yenye grisi, breki haitashika vizuri na itapiga kelele mtaa mzima usikie.

Kisha maji ya sabuni. Ndoo ndogo, sabuni ya kuoshea vyombo, sponji, akapaka kwenye mshono kati ya tairi na ringi pande zote mbili, akaliegemeza juani tukanywa chai. Jua la Dar kwa mara moja likawa upande wangu: mpira ukipata moto unalainika, na sabuni inapata muda wa kupenya. Usitumie mafuta ya kupikia wala oili ya injini, ingawa nimeona watu wakishauri hivyo. Mafuta hula mpira na yakifika kwenye breki umejitakia.

Tuliporudi hakuanza na upande niliokuwa nimeushambulia siku zote. Aligeuza gurudumu. Mimi na fundi wa mtaani sote tulikuwa tumeng'ang'ania upande wa diski, kwa kuwa upande wa gia unachafua mikono. Kumbe upande wa diski ndio ambao muuzaji hakuwahi kuufungua. Ulikuwa bado umegandishwa na yale maji ya tyublesi yaliyokauka. Yule kaka wa Pugu hakukosea. Upande wa gia ulikuwa umebana tu, haujagandishwa. Jaribu pande zote mbili kabla hujachagua wa kuanzia.

Kubandua kwenyewe alikufanya kwa jiliwa, kile kibanio cha chuma cha kwenye meza ya kazi. Alichukua vipande viwili vya mbao laini, akaviweka ndani ya meno ya jiliwa, akaliingiza tairi likiwa limelala pembeni ili mbao zibane kuta zake mbili karibu kabisa na ringi bila kuigusa ringi. Akakaza polepole. Kuta zikasogeleana, na ghafla ukatoka mlio mfupi wa kufyatuka. Nilidhani kimevunjika kitu. "Huo ndio tunautaka," akasema. Akalegeza, akasogeza gurudumu upana wa kiganja, akabana tena. Mlio wa kwanza ndio mgumu. Ukishapata mmoja, mingine hufuatana.

Kama huna jiliwa, na wengi wetu majumbani hatuna, kuna njia ya mguu ambayo nimeitumia mwenyewe baadaye kwenye gurudumu la mbele. Weka vipande viwili vya mbao sakafuni, laza gurudumu juu yake kwa namna ambayo mbao zinaibeba ringi na kitovu kinaning'inia bila kugusa chini. Vaa raba. Kanyaga ukuta wa tairi kwa kisigino, karibu na ringi iwezekanavyo, ukiegemea ukuta wa nyumba usianguke, huku ukiongeza uzito taratibu. Usikanyage ringi, usikanyage spoki, na usiruke. Mwenye mwili mdogo amwite jirani.

Baada ya kubandua nilitegemea mambo yaishe. Hayakuisha. Ukingo ulikuwa umetoka kwenye kiti chake, unacheza, lakini shemeji alipojaribu kuusukuma uzame katikati ya ringi haukuzama. Hapo ndipo alipoanza kuwa makini. Aliingiza kidole kwenye uwazi, akapapasa, akauliza, "Shem, humu ndani kuna nini?"

Ili umwelewe kwa nini aliuliza, inabidi nieleze hesabu ya jambo lenyewe, nayo ndiyo niliyoikosa tangu Pugu. Ukingo wa tairi una waya wa chuma ndani yake, au nyuzi za Kevlar kama ni tairi la kukunjika. Vyote viwili havitanuki, hata uvute vipi. Kwa gurudumu la inchi 29, kiti cha ukingo kina kipenyo cha milimita 622, na mdomo wa ringi unaotakiwa kuvukwa ni mpana kuliko hapo kwa zaidi ya sentimita moja. Duara dogo lisilotanuka linavukaje duara kubwa? Linalazwa, kama kitanda kinavyopitishwa mlangoni. Katikati ya ringi kuna mfereji, umechimbwa chini kuliko viti vya pembeni. Ukingo ukizama kwenye mfereji upande wa pili wa gurudumu, upande wako unapata ulegevu wa milimita kadhaa, na milimita hizo ndizo zinazovusha ukingo juu ya mdomo. Nguvu yote niliyomwaga ilikuwa mahali pasipofaa. Nilikuwa navuta hapa, wakati kazi iko kule ng'ambo.

Na mfereji wangu ulikuwa umejaa. Aliyeweka tyubu alitaka kuilinda na vichwa vya spoki, akakata ukanda kutoka tyubu ya pikipiki, mnene, akauvalisha kuzunguka ringi juu ya utepe uliokuwepo. Ni ufundi wa kawaida mitaani, na kwenye ringi pana za Phoenix hauna madhara. Kwenye ringi ya tyublesi unafukia mfereji wenyewe. Ukingo haukuwa na pa kuzama.

Shemeji akaomba wembe. Kijana mmoja akaminya tairi pembeni kwa magoti, uwazi ukapatikana, shemeji akapenyeza wembe na kuukata ule ukanda kwa ndani. Tyubu ilishakufa zamani, hatukuihurumia. Ukanda ulipokatika ukajikunja, akaudaka kwa plaizi, akauvuta utumbo wote ukatoka nje. Vijana wa gereji sasa hawakucheka, walikuwa wamezunguka meza.

Kilichofuata kilikuwa kifupi kiasi cha kuudhi. Aliusukuma ukingo kwenye mfereji kuanzia ng'ambo ya valvu, vidole gumba viwili, akija kidogo kidogo pande zote hadi karibu na valvu. Pale ng'ambo alifunga vipande vya tyubu, vile vya kufungia mizigo ya bodaboda, kuzunguka tairi na ringi kwa pamoja, ili ukingo usirudi juu. Nikamuuliza mbona anaanzia kutoa karibu na valvu, wakati nilisikia uikwepe valvu. Akasema valvu inakaa katikati ya mfereji, kwa hiyo pale ukingo hauwezi kuzama hata ufanyeje. Mahali pasipozama ndipo pa kupandishia. Pengine pote pazame. Pembeni kidogo ya valvu tu, usije ukaibana. Akachomeka kipande cha plastiki kwa ncha, bila kukiingiza ndani sana. Cha pili upana wa vidole vitatu kutoka cha kwanza. Akainua, ukingo ukavuka, akateleza mkono, upande mzima ukatoka. Kwa kipande kilekile cha aina niliyokuwa nikivunja.

Umbali huo wa vidole vitatu ushike. Tukiwa na haraka tunachomeka cha pili mbali ili tupate sehemu kubwa kwa mkupuo mmoja, na hapo ndipo plastiki inapokatika. Ukiona unahitaji kukaza meno, acha kuvuta, rudi ng'ambo, kandamiza tena ukingo kwenye mfereji, kusanya ulegevu uulete upande wako. Kwenye tairi gumu utarudi kule mara nyingi, na hakuna ubaya.

Upande uliogandishwa tuliubandua kwa sabuni zaidi na jiliwa, tukauvua kuelekea upande uleule uliotoka wa kwanza. Ndani tulikuta maganda ya utomvu yaliyokauka, mengine manene kuliko ganda la yai. Nilikaa pale nikiyatoa kwa kucha na kitambaa chenye maji ya moto, kazi ya kuchosha lakini lazima, maana maganda yakibaki kwenye kiti cha ukingo tairi jipya litakaa upande. Mdomo uliopinda shemeji aliurudisha kidogo kidogo kwa koleo lililovishwa ngozi, kisha nikausugua kwa tupa laini na msasa mpaka kidole kikipita hakikwaruzwi. Ukali wowote ukiachwa pale utakata ukingo wa tairi. Ringi inafanya kazi kwa tyubu. Kwa tyublesi siiamini tena. Na ringi ikiwa ya kaboni badala ya aluminiamu, usithubutu kupindua wala kurudisha, ikipasuka imekwenda.

Utepe mpya niliuchagua mwembamba, upana wake ukilingana na ndani ya ringi, mzunguko mmoja uliokazwa vizuri, na mwingiliano mfupi karibu na valvu. Selotepu ya umeme niliyoshauriwa dukani niliikataa. Kwa joto letu gundi yake inalainika na utepe unasogea, spoki zinabaki wazi.

Kwenye kununua tairi nako kuna mtego. Usinunue kwa kusema tu "la inchi 28" au "la 29". Angalia ubavuni mwa tairi kuna namba mbili zenye kistari, kwa mfano 57-622. Ya pili ndiyo ya kulinganisha na ringi yako. Tairi la 28 la Phoenix, ile 28 kwa 1½, ni 635. Lipo la 28 jingine la baiskeli za mjini ambalo ni 622, sawa na 29 ya milimani. Kwa inchi 26 za milimani tafuta 559, na kwa 27.5 tafuta 584. Muuzaji akikuambia "zote ni moja, inatanuka", umeshasoma hapo juu kama ukingo unatanuka.

Kufunga ni njia ileile kinyumenyume: upande mmoja kwanza, tyubu ikiwa na upepo kidogo tu wa kuipa umbo, halafu upande wa pili ukianzia ng'ambo ya valvu na kumalizia kwenye valvu, ukingo wote ukiwa umelala mfereji. Kipande cha mwisho kisukume kwa viganja, si kwa chuma. Ukishamaliza, isukume valvu juu ndani ya tairi kisha uivute, ili tyubu isibaki imebanwa chini ya ukingo. Zungusha gurudumu uangalie kama kuna mahali tyubu inachungulia. Ndipo ujaze upepo. Kwa valvu nyembamba, pampu nyingi za mafundi wetu ni za kichwa kinene cha pikipiki, kwa hiyo beba kile kiunganishi kidogo cha shaba. Bei yake ni ya soda, na bila hicho utaomba upepo mtaa mzima.

Ikishindikana kabisa, yaani umebandua, umelowesha, umeangalia mfereji na bado, lipo suluhisho la mwisho ambalo watu wanalionea aibu bila sababu: kata tairi. Tairi lililoisha halina thamani ya ringi. Chana ukuta kwa kisu kikali ukielekeza makali mbali na ringi, ondoa mpira wote ubaki ukingo peke yake. Ukingo wa Kevlar utakatika kwa kisu au mkasi mgumu. Wa waya utahitaji koleo la kukatia waya au msumeno wa chuma, na kipande cha bati chini yake ili meno yasiguse ringi. Ukinaswa porini usilifanye hilo kama huna tairi jingine.

Gurudumu la mbele nililifanya nyumbani, kwenye baraza, mimi na mtoto wa jirani aliyenishikia ng'ambo. Lilikuwa na ukanda uleule wa pikipiki ndani. Nilijua, nikaanza na kuutafuta.

Na nyie mnaokwenda Kariakoo kutafuta maunteni ya mtumba, kabla hamjatoa hela mwombeni muuzaji atoe upepo na kuwavulia tairi moja mbele yenu, hata upande mmoja tu. Akifanikiwa mtaona kilichomo ndani: utepe, kutu ya spoki, maganda, ukanda. Akianza kutafuta bisibisi, mwambieni aache, na mshushe bei. Mimi nilipokwenda kumtafutia mdogo wangu yake, muuzaji alisema hana muda wa kuvua tairi za watu wasionunua. Nikamwambia nitavua mwenyewe. Alinipa ndoo ya maji na kipande cha sabuni ya mche, akapunguza elfu thelathini tulipoona hali ya ringi ya nyuma.